Shahidi wa Nyumbani: Maneno kwa Wenye Ndoa na kwa Walimu

 

Katika sheria ya Musa, mwaka wa Jubilei ulikuwa mwaka wa hamsini. Baragumu lilipigwa katika nchi yote; mashamba yaliyouzwa kwa sababu ya umaskini yakarudi kwa wenyewe, na watu waliojiuza utumwani wakaenda zao huru. Basi haifai sisi tufanye Jubilei kwa nyimbo na karamu peke yake. Yatupasa kuuliza: katika nyumba zetu ni nani aliye bado amefungwa, na ni deni gani ambalo halijalipwa?

Leo twataka kusema habari ya deni moja tu, nalo ni deni la sikio. Wanaume wengi Wakristo huwapa wake zao chakula, nguo, na heshima mbele ya watu, lakini sikio hawajawapa. Mke akisema neno la kumsifu mumewe, husikilizwa. Akisema neno la kumwonya, huambiwa kwamba amekosa adabu. Sisi twataka kuonyesha kwamba onyo la kweli la mke ni kipawa cha Mungu katika ndoa, na ya kuwa mtu anayekihitaji kipawa hiki kuliko wote ni yule anayeheshimiwa zaidi na watu.

Fikirini habari ya mwalimu katika kijiji. Apitapo njiani, watoto husimama na watu wazima humwamkia kwa heshima. Akifundisha vibaya, wanafunzi hawawezi kumwambia. Akianza kupenda kinywaji, Wakristo hunong'ona nyuma yake, wala hawasemi mbele yake. Wazee wa Kanisa watamwita siku jambo litakapokuwa kubwa na aibu imekwisha kuenea. Lakini ni nani atakayemwambia siku jambo lingali dogo? Hakuna ila mmoja. Ni yule amwonaye asubuhi kabla hajavaa koti lake la kazi. Ni yule asikiaye namna asemavyo na mtoto wake wakati hakuna mgeni. Ni yule ajuaye kama sala anayowafundisha wengine yeye mwenyewe ameisali. Mke ni shahidi wa nyumbani. Watu wengine huona paa la nyumba kwa nje, bali yeye huona mahali panapovuja.

Neno la kwanza twalipata katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, katika sura ya ishirini na tano. Palikuwa na mtu tajiri huko Maoni, jina lake Nabali, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Daudi na watu wake waliwalinda wachungaji wa Nabali jangwani. Lakini siku ya kukata manyoya ya kondoo, Daudi alipotuma watu kuomba chakula, Nabali aliwatukana na kuwarudisha mikono mitupu. Daudi akaondoka na watu mia nne wenye panga ili kuiangamiza nyumba yake.

Angalieni sasa jambo hili. Mtumishi mmoja wa Nabali aliiona hatari iliyokuwa ikija. Je, alikwenda kwa bwana wake? La, alikwenda kwa Abigaili, mke wa Nabali, kwa sababu watumishi wote walijua kwamba bwana wao si mtu wa kuambiwa neno. Huo ndio umaskini wa Nabali katikati ya mali yake yote. Alikuwa na kondoo, alikuwa na watumishi, alikuwa na mke mwenye akili. Ila hakuwa na mtu awezaye kumwambia kweli. Abigaili akachukua mikate mia mbili, na divai, na kondoo watano waliokwisha tengenezwa, na bisi, na zabibu, na tini, akaenda kumlaki Daudi njiani, akaiokoa nyumba nzima.

Tena angalieni hekima yake aliporudi. Alimkuta mumewe akifanya karamu, naye amelewa sana. Usiku ule hakumwambia neno lo lote, dogo wala kubwa. Alingoja mpaka asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka, ndipo alipomwambia mambo yote. Akina mama, ushikeni mfano huu. Kweli haiharibiki kwa kulala usiku mmoja. Bali kumwambia mlevi kweli ni kupanda mbegu juu ya jiwe.

Pilato naye, mtu wa cheo kikubwa, alipata onyo la mkewe. Alikuwa ameketi katika kiti cha hukumu mkewe alipomletea habari asiwe na neno na yule mwenye haki. Makuhani wakuu walikuwa wakimsonga, makutano walikuwa wakipiga kelele, askari walikuwa wakingoja amri. Katika mji mzima ni mkewe peke yake aliyemtumia neno la kumwokoa. Pilato alilisikia, kisha akatafuta maji ya kunawa mikono. Tangu siku ile Wakristo wa dunia yote hulitaja jina lake katika Imani, wala si kwa sifa njema.

Neno la pili ni jibu kwa wale wasemao, "Lakini Mtume ameagiza wanawake wawatii waume zao." Naam, ameagiza. Lakini kabla ya agizo hilo, katika Waraka kwa Waefeso, aliwaagiza Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao. Na baada yake akawaagiza waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, hata kujitoa kwa ajili yake. Mtume Petro naye alionya kwamba mume asiyekaa na mkewe kwa akili na kwa heshima, sala zake huzuiliwa. Basi utii wa mke Mkristo ni utii wa kiungo katika mwili mmoja. Mguu ukichomwa na mwiba hulitangaza jambo hilo kichwani, wala kichwa hakisemi kwamba mguu umekosa adabu.

Tena Maandiko yametuwekea habari ya mke aliyekubaliana na mumewe katika neno baya, ili tujue mwisho wake. Anania na Safira waliuza kiwanja. Anania alizuia sehemu ya fedha, akaleta iliyobaki mbele ya mitume kana kwamba ndiyo yote, na mkewe alikuwa na habari. Walipokuwa wakishauriana nyumbani, Safira angaliweza kusema, "Baba, tusiseme uongo mbele ya Mungu. Fedha ni zetu; tukitaka kutoa nusu, na tuseme ni nusu." Hakusema. Saa tatu baada ya kufa mumewe, Petro alimwuliza yeye peke yake, naye akarudia uongo ule ule, akafa kama mumewe. Mungu hakumkubalia udhuru wa kusema kwamba mumewe ndiye aliyeamua. Mke anayenyamaza mbele ya dhambi ya mumewe hamheshimu, bali anamwacha aende peke yake mpaka kwenye shimo.

Hatusemi kwamba kila neno la mke ni kweli. Mke wa Ayubu alimshauri mumewe vibaya siku ya taabu, na Ayubu hakumfuata. Herode alimsikiliza Herodia, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa katika kombe. Kwa hiyo mume apime. Aulize: neno hili lataka nini? Lataka wema wa roho yangu na wa watoto, au lataka kisasi? Kupima si kukataa. Anayepima chumvi sokoni hutia kwanza katika mizani. Hawezi kuipima akiwa amefunga mlango.

Neno la tatu ni kwa walimu hasa. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Apolo, mtu wa Iskanderia, msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko. Alifika Efeso akahubiri kwa bidii, ila mafundisho yake yalikuwa na upungufu, kwa maana alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mke na mume, walimsikia katika sinagogi. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Nao Wakristo wa zamani hawakuona haya kuandika kwamba mwanamke alikuwa mmoja wa waliomsahihisha mhubiri. Tena katika Agano Jipya mara nyingi jina la Prisila latajwa kabla ya jina la mumewe. Apolo hakupungukiwa na heshima kwa kusahihishwa. Alikwenda Akaya akawafaa sana waliokuwa wameamini. Mwalimu anayefundishika ndiye mwalimu.

Sasa, ndugu zetu, na tuitazame nchi yetu. Wengine husema kwamba habari hii ya kusikiliza onyo la nyumbani imeletwa na wageni. Si hivyo. Katika miaka ya 1934 mpaka 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila, walichunguza maisha ya Wanyakyusa wa Rungwe, wakasikiliza maneno ya wazee, na Monica akayaandika katika vitabu vyake. Wazee walimweleza kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni hatari kuliko hasira iliyosemwa. Ndugu walipokutana kwa ibada za ukoo, iliwapasa kwanza kutoa nje manung'uniko yao na kupatana. Aliyeficha hasira yake aliiharibu ibada. Sisi Wakristo hatufundishi kwamba hasira ya mtu ndiyo iletayo ugonjwa wa mwili. Lakini hekima iliyo ndani ya desturi ile ni kubwa, tena yapatana na neno la Bwana wetu, kwamba mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Ikiwa wazee wetu waliogopa kuomba hali ndugu ana neno moyoni, mume Mkristo atawezaje kupiga magoti jioni karibu na mke aliyenyamazishwa?

Lakini tukubali pia kwamba desturi za zamani hazikumpa mke nafasi kubwa ya kusema. Wanyakyusa walijenga vijiji vya marika: vijana waliondoka kwa baba zao wakaenda kujenga pamoja na wenzao, na mwanamume alipenda kula na kuzungumza na wa rika lake. Mkwe mwanamke alimwepuka baba wa mumewe, asikutane naye njiani wala kulitaja jina lake. Mume alipata mashauri kwa wanaume wenzake. Naye mwenye wake wengi, alipochoshwa na maneno ya mmoja, alikwenda nyumba ya mwingine.

Kisha Injili ikaja. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na wamisionari wa Berlin walifika katika nchi ile ile ya Wanyakyusa. Upande wa Iringa, wamonaki Wabenedikto walijenga Tosamaganga kabla ya mwisho wa karne ya 19, na mwaka 1919 mapadre wa Konsolata wakaja kuendeleza kazi. Wote walifundisha ndoa ya mke mmoja. Watu wengi walidhani kwamba fundisho hilo ni habari ya hesabu tu, mke mmoja mahali pa wake watatu. Lakini maana yake ni zaidi. Mume wa mke mmoja hana nyumba ya pili ya kukimbilia asisikie neno. Hana budi kukaa na kusikia. Basi akiishika hesabu ya mke mmoja na kulikataa neno lake, ameshika ganda akaiacha punje.

Tena tusisahau siku zile mwanamke hakuwa na wa kumwuliza neno kabisa. Huko Utengule, kati ya Wasafwa, mke wa mmisionari mmoja wa Wamoravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika habari za maisha ya wazee waliopita katika siku za vita na utumwa. Mmoja wao alikuwa bibi mjane, Narwimba jina lake. Tunaposoma habari kama hizo tunaona jinsi mwanamke asiye na mtetezi alivyoweza kukamatwa na kuhamishwa kutoka mkono mmoja hata mwingine. Alikuwa na akili ya kujiokoa na kuwaokoa watoto wake, lakini hakuna aliyemwuliza shauri. Sisi tulio watoto na wajukuu wa akina mama hao, haitupasi kulea katika nyumba za Kikristo masalio ya mambo yale.

Neno la nne: pana nini cha kupotea, mume akikataa kusikia? Tutataja mambo manne, na kila mtu aitazame nyumba yake.

La kwanza ni chakula. Nchi yetu ya Nyanda za Juu ni ghala la Tanzania. Mahindi, viazi, mpunga, maharagwe, ndizi, vyote twavipata. Lakini uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa watoto 57 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na katika mkoa wa Njombe 50 hivi, hali katika Tanzania nzima ni 30. Sababu ni nyingi: chakula cha namna moja, kazi nzito za mama mwenye mimba, maradhi, na mavuno yanayouzwa bila kuhesabu. Waganga hutufundisha kwamba siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, ndizo zijengazo mwili na akili yake. Sasa mama asemapo wakati wa mavuno, "Baba, tukiuza magunia haya yote, mwezi wa Februari tutanunua debe kwa bei gani? Na maharagwe haya, na mayai haya, watoto watakula lini?" mume asiseme kwamba mke haelewi biashara. Yeye ndiye apikaye, yeye ndiye ajuaye kimo cha unga katika chombo. Neno lake lina uzito wa mtoto mzima.

La pili ni pombe. Pande za Iringa na Njombe, ulanzi hugemwa wakati wa mvua, wakati ule ule palizi inapotaka mikono na ghala linapoanza kupungua. Mke hulima mchana, na jioni humngoja mume. Akisema, "Baba fulani, wiki hii umerudi usiku mara nne, na mtoto hajanunuliwa daftari," amehesabu sawasawa. Mume asikasirikie hesabu.

La tatu ni uaminifu wa kitanda. Jambo hili ni gumu kulitaja, lakini kifo hakioni haya. Uchunguzi wa serikali wa miaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika mikoa ya Njombe na Iringa, watu wazima 11 hivi katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na katika mkoa wa Mbeya 9 hivi, hali katika nchi nzima walikuwa 5 hivi. Mke amwulizapo mumewe habari ya safari zake, au amwombapo waende wote wawili hospitali kupimwa, hamtukani. Anataka watoto wasibaki yatima. Siku hizi dawa zipo, na mwenye virusi akizitumia vema aweza kuishi miaka mingi, na mama aweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Lakini hayo yote huanza kwa swali lililokubaliwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

La nne ni shamba na nyumba. Hapa hata sheria ya nchi imekubali kwamba neno la mke lina nguvu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja wa wenye ndoa kuuza au kuweka rehani nyumba wanayokaa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa kwa kumwadhibu. Tutaona haya gani, sisi watu wa Injili, ikiwa mahakama inalisikia neno la mwanamke, na mume wake anayekula pamoja naye Meza ya Bwana hataki kulisikia!

Basi, twawapa akina baba mashauri machache, si mengi. Mkeo akikuonya, usijibu mara moja. Nyamaza kwanza kwa muda wa kusali Baba Yetu. Usimrudishie kosa lake la mwaka jana. Kosa lake litakuwa na siku yake. Usilipeleke neno lake kilabuni ili wenzako walicheke, kwa maana aliyekuonya kwa siri akisikia kwamba umemtangaza, hatakuonya tena, na siku hiyo umeizima taa yako mwenyewe. Usimpige kabisa, ngumi ni jibu la mtu ambaye hana jibu. Na ikiwa neno lake ni la kweli, mwambie wazi, "Mama, umesema kweli." Maneno hayo matatu hayampunguzii mwanamume kimo. Tena usingoje mpaka uonywe. Mara moja kwa mwezi, watoto wakiisha kulala, mwulize, "Mama, ni jambo gani katika mwenendo wangu linalokuumiza?" Kisha usiondoke mpaka amemaliza kusema.

Nanyi akina mama, kipawa chenu kina sheria zake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Semeni kweli mliyoiona, si uvumi mliousikia kisimani. Semeni jambo moja kwa wakati mmoja. Anayefungua magunia kumi kwa pamoja huchanganya mbegu zote. Msiseme mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe. Msimlinganishe na mume wa jirani. Na mwema wake mwonyeni kwamba mnauona, ili ajue kwamba macho yenu hayatafuti makosa tu. Lakini mkiisha kuyafanya hayo, msiogope. Na ikiwa mume ni mtu wa kupiga, mke asibaki peke yake na hatari. Aende kwa mchungaji, kwa wazee, kwa serikali ya kijiji, nasi wazee tusimrudishe nyumbani kwa neno la "vumilia" kabla hatujamkalisha mume na kumkanya.

Enyi walimu, kazi hii ni yenu. Mwafundishapo vijana habari za ndoa, msiwaulize wasichana peke yao kama watatii; waulizeni na wavulana kama watasikia. Mwulizeni kijana, "Siku mkeo atakapokuambia umekosa, utafanya nini?" Jibu lake litawaonyesha kama amekuwa mtu mzima. Tena watu hawataamini mafundisho yenu ila waone nyumba zenu. Mwanafunzi akipita jioni akamsikia mwalimu akisema na mkewe kwa utulivu katika jambo ambalo hawakubaliani, amepata somo ambalo hataliona ubaoni.

Na ninyi wazee wa Kanisa, mfikapo katika nyumba kuzungumza na wenye ndoa, msiketi na mume uani hali mke yuko jikoni akiwapikia. Mwiteni aketi. Mkimsikia mmoja tu, mmepata nusu ya habari, nanyi mtatoa nusu ya haki.

Ndugu zetu wapenzi, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika baridi ya Mufindi au ya Kitulo hakuna awezaye kuota moto wa ukuni mmoja. Ukuni ulio peke yake hutoa moshi tu. Mume ni kinga kimoja na mke ni cha pili, na mahali viwili hivi vinapogusana pana joto kali, na cheche huruka. Mtu asiyetaka cheche atakaa katika baridi.

Mungu aliyeyafumbua masikio ya viziwi na ayafumbue masikio yetu katika mwaka huu wa Jubilei. Awape akina mama wetu ujasiri na upole, awape akina baba unyenyekevu wa kusikia, na watoto wetu wakue katika nyumba ambamo kweli yasemwa bila hofu, tena yasemwa kwa upendo. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi nyote. Amina.